Kwa Nini Siku ya Jumatatu Seli Zilikataa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sayansi, waheshimiwa maprofesa na madaktari, mafundi wa maabara, wahitimu wetu mnaong'aa kama sahani mpya, wazazi wenzangu, mafundi cherehani wenzangu mliofunga vibanda leo kwa ajili yangu, wifi yangu uliyekaa mstari wa mbele ingawa kadi yako ilisema mstari wa tatu, mabibi na mabwana: kama kuna niliyemruka anisamehe, macho yangu yamezoea kutazama sindano, hayajazoea umati.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wazazi wote. Wazazi wenzangu, nawaomba radhi mapema, kwa sababu nitasema kidogo kwa niaba yenu na sana kwa niaba ya binti yangu. Nyinyi mkipata nafasi yenu ya kushika kipaza sauti, fanyeni hivyo hivyo.

Binti yangu ndiye yule pale, mwenye joho lililopindwa vizuri kuliko yote. Lile joho lilitoka chuoni likiwa na pindo la ovyo, nikalifumua na kulipinda upya. Amekuwa daktari wa elimu ya seli. Na kabla sijafika mbali, niseme jambo linalonikaa kooni. Ameitwa kwenda kufanya kazi katika taasisi iliyo mbali sana, miaka mitatu, na kesho kutwa anatakiwa awe amejibu. Yeye hajajibu. Alikuja nyumbani akaniambia, "Mama, ukisema nibaki, nitabaki, na hutanisikia nikinung'unika." Mimi nikaendelea kukanyaga cherehani kama sikusikia. Profesa wake amenivizia pale mlangoni, akaniuliza nimeamua nini, nikamwambia avute subira kama wengine. Jibu ninalo, nimekuja nalo hapa. Lakini sitalitoa mpaka niwaeleze kwanza binti yangu amegundua nini, kwa sababu nimewatazama tangu asubuhi mnapiga makofi, na wengi wenu hamjui mnachokipigia.

Kwanza niondoe uvumi. Binti yangu hatibu. Tangu habari zilipoenea mtaani kwetu kwamba amekuwa daktari wa figo, jirani yangu muuza mkaa ameshakuja na mguu uliovimba, na mama mmoja ameniletea chupa ya mkojo, ameifunga kwenye leso safi kabisa, amenikabidhi kama zawadi. Wote niliwaelekeza hospitali. Dawa hajapata, na amenikataza kabisa nisiseme amepata. Anachokijua ni kitu kimoja, kidogo mno, hata ncha ya sindano mbele yake ni mlima, na anakijua kuliko watu wote waliomo ukumbini humu, Profesa wake akiwemo. Profesa, usikunje uso, umeniambia mwenyewe.

Sasa, ni kitu gani hicho? Shule yangu iliishia pale ilipoishia, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa, tukiwa kibandani, yeye akikata nyuzi za mashati ya shule na mimi nikishona. Aliniambia, "Mama, unajua kwamba maandishi yote ya kutengeneza mwili wako yamo ndani ya kila seli? Ya macho yamo kwenye kisigino, na ya kisigino yamo kwenye figo." Nikaacha kukanyaga. Nikamuuliza, sasa figo inajizuiaje isiote kucha? Alicheka mpaka akajichoma kidole, kisha akasema hilo ndilo swali lenyewe, kuna watu wanalipwa mishahara kuliuliza.

Maandishi hayo wanayaita vinasaba. Ni uzi mrefu, mwembamba, uliokunjwa ukakunjika ndani ya kiini cha seli, na kipande cha uzi chenye amri moja ndicho wanachokiita jeni. Seli ya figo haisomi uzi wote. Inasoma pale panapoihusu tu. Na anayechagua pa kusoma ni nani? Zipo protini ambazo kazi yake ni kuushika ule uzi mahali fulani, zisishike pengine popote. Nyingine zikishika, amri ya pale inasomwa. Nyingine zikishika, amri inanyamaza. Binti yangu alikabidhiwa moja ya zile za kusomesha. Jina lake ni herufi na tarakimu, kama namba ya gari, kwa hiyo mimi nimeiita Mshikaji, maana kazi yake ni kushika. Vijana mnacheka, lakini nasikia hata kule maabara siku hizi wanamwita hivyo hivyo.

Huyu Mshikaji inajulikana kwamba hushika jeni ya kichocheo cha ukuaji katika seli za figo. Kichocheo chenyewe ni ujumbe. Seli inautoa nje, jirani zake wanaupokea, nao wanaanza kugawanyika na kuongezeka. Vile vijifereji vya ndani ya figo vikiumia, ujumbe kama huo husaidia kujaza palipobomoka. Usipotoka, pengo linabaki. Usiponyamaza, seli zinaendelea kuongezeka mahali pasipo na nafasi, na hiyo nayo ni balaa. Je, si jambo la kumfanya mtu aache kazi zake na kuuliza? Nani anaruhusu, nani anakataza, na anajuaje wakati umefika?

Mimi niliuliza mpaka nikapelekwa maabara nikaone kwa macho yangu. Nilivishwa koti jeupe, glavu, na kofia ya karatasi. Bi Barafu, yule fundi mnene mwenye funguo za majokofu yote, ambaye hapa chuoni hata Mkuu wa Kitivo anamwamkia kabla hajaamkiwa, alifungua kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, akatoa kisahani chenye maji ya rangi ya waridi, akakiweka chini ya hadubini. Nilitarajia kuona vifigo vidogo vidogo, kama maharage. Nikaona kitu kama sakafu iliyoanza kutandikwa vigae, hapa kimoja, pale viwili vimegusana, na katikati uwazi mtupu. Nikauliza kama ziko hai. Binti yangu akasema ziko hai, na akaniomba nisizipumulie. Bi Barafu akaniambia, "Na ukitaka kuzisalimia, salimia ukiwa mbali."

Namna wanavyomnasa Mshikaji ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Wanamwagia seli formalini kidogo, na kila protini inaganda pale pale ilipokuwa imeshika, kama vile mtu awashe taa ghafla chumbani na kila mmoja akutwe na mkono wake pale ulipokuwa. Halafu ule uzi unakatwa vipande vipande, na anavuliwa Mshikaji peke yake, pamoja na kipande alichokikumbatia. Kipande kinasomwa. Kama ni kile cha kichocheo cha ukuaji, basi alikuwa amekishika. Kama hakipo, hakuwapo.

Sasa nifike penye uchungu. Profesa wetu huyu, ambaye wanafunzi wanamwita Mzee Rudia, na sidhani kama ni siri kwake, alipokuwa kijana ndiye aliyeonyesha ya kwamba Mshikaji hushika ile jeni. Jina lake lilijulikana kwa hilo. Binti yangu alipoanza, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuirudia tu ile ya Profesa, ili apate pa kuanzia. Akafanya, hakumkuta Mshikaji. Akafanya tena, hola. Akapeleka kwenye kikao chao cha kila wiki, mbele ya wenzake, na Profesa akasema neno lake, "Rudia." Akarudia. Mara nyingine Mshikaji yupo, mara nyingine kama hajawahi kuzaliwa. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba ana mkono mzito. Ndugu zangu mafundi, mnajua neno hilo linavyouma. Msichana aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma, aliyefumua suruali ya mteja akiwa mdogo ili aone mfuko umeingiaje, na akaurudisha mfuko ule nisijue mpaka mteja alipokuja kulalamika kwamba hela zake zinapita moja kwa moja hadi kwenye kiatu. Huyo ndiye wa kuambiwa mkono mzito?

Mambo yakafika kwenye kamati. Kamati ikasema akishindwa kueleza kinachoendelea kabla ya likizo ndefu, udaktari basi, apewe cheti kidogo aondoke. Alikonda. Akija nyumbani anashona kimya. Wifi yangu, ambaye nampenda na mnamwona pale amekaa, alimshauri kwa nia njema kabisa aandike kile anachotaka Profesa, avae joho, mengine yatajulikana mbele ya safari. Wifi, usitazame chini, kila mmoja wetu aliwaza hivyo. Binti yangu aliweka mkasi mezani akamwambia, "Shangazi, nikiandika kwamba nimemwona na sikumwona, atakayekuja nyuma yangu atamtafuta mpaka azeeke. Na mimi mwenyewe sitajua alikwenda wapi."

Mmesikia? Hakusema nitaona aibu, hakusema nitafungwa. Alisema sitajua alikwenda wapi. Hicho ndicho kilichokuwa kinamkondesha.

Basi naomba nimsifu mtu. Profesa angeweza kabisa kumwacha apotee, kwa sababu jina lililokuwa linatikiswa lilikuwa lake. Badala yake alishuka kutoka ofisini, akaomba koti la maabara. Koti lake la zamani likakataa kufungwa vifungo, Bi Barafu akamtafutia kubwa, akamwambia sayansi imemnenepesha. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Profesa na mwanafunzi wakakaa bega kwa bega, chupa zile zile, kila mmoja na kisahani chake, kila anachofanya huyu na yule anafanya. Wakavua. Mshikaji yupo, kwa wote wawili.

Mtafikiri binti yangu alifurahi. Alilia. Maana kama akiwa na Profesa anamwona, na akiwa peke yake hamwoni, si basi kweli mkono wake ndio mbovu? Lakini Profesa hakumcheka. Alimuuliza tu, "Binti, huwa unafanya siku gani?" Akajibu, mara nyingi Jumatatu. Profesa akasema, haya, Jumatatu nitakuja kukutazama.

Jumatatu akaja na kigoda chake, akakaa nyuma ya mkono wa kulia wa binti yangu, akatazama kila kitu. Hakuna Mshikaji. Akamwambia ainuke, akachukua seli za binti yangu akafanya kwa mkono wake yeye mwenyewe, mkono wa siku zote, mkono uliojenga jina. Hakuna Mshikaji. Nasikia aliugeuzageuza ule mkono wake akiutazama, hata Bi Barafu akapata wasiwasi akamletea maji. Kisha akasema tuziangalie seli zenyewe.

Wakaziweka chini ya hadubini. Zile za Alhamisi, kwa picha walizopiga siku ile, zilikuwa na nafasi, zimetawanyika, hapa na pale, kama nilivyoziona mimi. Za Jumatatu zilikuwa zimejaa. Zimebanana ukingo kwa ukingo, sakafu nzima imetandikwa, hakuna hata upenyo. Profesa akashangaa, akauliza kwa nini amezilaza mpaka zikajaa namna hii, wakati kila mtu hapa huja Jumamosi kuzipunguza. Binti yangu akasema, "Mimi Jumamosi nakuwa kwa mama."

Ni kweli, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Tangu baba yake atutoke, kila Ijumaa jioni alikuwa anapanda gari kuja kwangu, na Jumatatu asubuhi anarudi chuoni. Alizipanda seli zake Ijumaa, akaziacha kwenye kabati la joto, akaja kunitungia sindano. Jumamosi na Jumapili zote sisi tunashona, zenyewe zinaongezeka. Wenzake hawakuwahi kuona seli zilizojaa hivyo, kwa kuwa walikuwa wanafunzi wema wasiokosa Jumamosi. Na Profesa naye, alipokuwa kijana, hakukosa Jumamosi hata moja, mke wake yupo hapa atathibitisha. Mmeona ametikisa kichwa.

Kuanzia hapo binti yangu hakushikika. Akapanda seli siku moja, kutoka chupa moja, visahani vingine zikiwa chache, vingine zikiwa zimejaa, akavua vyote pamoja. Penye nafasi, Mshikaji ameshika. Palipojaa, ameachia, na akimtafuta anamkuta ametoka kabisa kwenye kiini, amekaa huko nje ya kiini kama mtu aliyemaliza zamu, na ule ujumbe wa ukuaji umenyamaza. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, kila nikilifikiria, nasahau ninachoshona. Alichukua kisahani kilichojaa, akakikwaruza mstari mmoja katikati, kama jeraha. Akangoja, akatazama. Seli zilizo mbali na mstari hazikuwa na habari. Zile za ukingoni, zilizompoteza jirani wa upande mmoja, ndani yake Mshikaji akarudi kwenye kiini, akashika tena, na ujumbe ukaanza kutoka. Zikaongezeka mpaka mstari ukazibika. Ulipozibika, akaachia.

Kwa hiyo Profesa alikuwa sahihi, na binti yangu alikuwa sahihi, na wote wawili walikuwa na nusu. Katika kikao cha wiki kilichofuata Profesa alisimama, ingawa kwa kawaida huzungumza amekaa, akawaambia wanafunzi wote, "Nilichoandika ni kweli kwa seli zenye nafasi. Sikuwahi kuziacha zijae." Akaketi. Wale walionong'ona habari za mkono mzito nasikia walianza kumwomba binti yangu awafundishe. Profesa, mimi sijui maprofesa wangapi wangesimama. Nakushukuru kwa kigoda, kwa macho yako, na kwa sentensi ile.

Msidhani sijaona sehemu yangu katika habari hii. Nimeiona. Kama si mimi kumtaka kila Jumamosi, zile seli zisingejaa hata siku moja. Nimemuuliza kwa nini jina langu halimo kwenye kitabu chake, akanionyesha ukurasa wa shukrani. Nimo, juu ya Bi Barafu, na Bi Barafu ameshanuna. Na msinifananishie seli na watu, mkasema jirani akiondoka ndipo mtu anakua, na mengine ya namna hiyo. Nilijaribu kuyasema, binti yangu akanizuia, akasema seli ni seli, mama, tuziache zituambie mambo yake zenyewe. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ni nadra.

Sasa nirudi kwenye jibu. Huko anakoitwa wana hadubini ya ajabu, inayoweza kumwona Mshikaji mmoja ndani ya seli iliyo hai, wakati ule ule anaposhika na wakati ule ule anapoachia, bila formalini. Hapa kwetu haipo. Na mimi nimekuwa na sababu nyingi za kumwambia abaki. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Jumamosi bila yeye ni ndefu. Kitanda chake nakitandika Ijumaa hata kama najua amechelewa. Ningesema "baki" angebaki, na kila mtu mtaani angenisifu kwa kuwa na mtoto mtiifu.

Lakini wiki ile ile aliyoniuliza, nilimuuliza na mimi. Nilimwambia, haya, seli ikizungukwa na jirani pande zote, Mshikaji anaachia. Sawa. Lakini Mshikaji yuko ndani kabisa, ndani ya kiini, ndani ya seli. Jirani amegusa nje, kwenye ukingo. Habari zinamfikiaje huko ndani? Anajuaje kwamba nje wamegusana? Binti yangu alikaa na shati mkononi. Akasema, "Kwa huyu Mshikaji wetu, mama, hakuna anayejua. Hata Profesa hajui." Nikamuuliza itajulikanaje. Akanieleza ile hadubini. Akaieleza kwa mikono yote miwili, shati likaanguka chini, na uso wake ukawa ule wa siku aliyofumua suruali ya mteja.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikipima mtu kiuno nawaza, habari zinafikaje ndani? Nikikata kitambaa, zinafikaje? Wateja wananiuliza kama naumwa. Nifanye nini mimi, mtu mzima, na swali ambalo siwezi kulifumua kwa mkasi?

Mwanangu, simama nikuone. Nimeshazungumza na shangazi yako. Atakuja kila Jumamosi kunitungia sindano. Kushona hajui, lakini maneno anayo ya kutosha, sitakaa kimya. Usinitazame hivyo na usianze kubishana, kipaza sauti ninacho mimi.

Nenda. Sikutumi kwa ajili ya jina wala cheo, hivyo unavyo tayari na nimeshavitangaza kupita kiasi. Nenda kwa sababu nataka kujua, na hapa nyumbani hatuna mtu mwingine wa kumtuma. Na siku utakayojua, iwe mchana au usiku, unipigie mimi kwanza. Profesa utampigia baadaye, yeye atakwambia urudie.

Waheshimiwa, mafundi wenzangu, wazazi wenzangu niliowasemea kidogo, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu muda wote huu, na sasa nawarudishia. Asanteni sana.